Tope la maji taka: kuna mtu hapa Nairobi ashatoa kemikali ya kuuza humo ndani?

Sabuni_Kayole
Wasee habari zenu. Mimi natengeneza sabuni hapa Kayole, ya maji na ya kipande, si kitu kikubwa, ni mimi na mama watoto na kijana mmoja wa kubeba mitungi. Kila wiki nashuka tao kununua ungarol, ile dawa ya povu ya sabuni ya maji, na kostiki soda na kila wiki bei ni story ingine. Sasa binamu yangu anaendesha ekzosta, zile lori za kunyonya choo, na kila siku anapeleka mzigo Ruai kwa mabwawa ya maji taka ya jiji na analipa ndio akubaliwe kumwaga. Yaani analipa ndio atupe! Juzi tumekaa tunakula nikamuuliza, kwani hiyo tope haina kitu ndani?

Nikaanza kusoma kwa simu usiku. Nimepata ati New Zealand, mji unaitwa Rotorua, walijaribu kupika tope kwa moto na presha wakabaki na asidi ya siki. Uholanzi wanatoa kitu kama gundi. Chicago wanatoa mbolea ya punje punje. Wajerumani wameweka sheria kabisa kwamba kuanzia 2029 mitambo mikubwa ya maji taka lazima itoe fosforasi. Sasa mimi najiuliza, kama lori moja ni lita 10,000 na napewa bure, ama hata nalipwa nichukue, naweza toa gani hapo? Asidi? Amonia? Mafuta ya sabuni? Niko na nafasi ya futi 40 kwa 60 huko Kamulu, maji iko, stima iko siku zingine. Msinicheke tafadhali.

Karis254
Buda sabuni ya choo ilikuwa ni jina tu, wewe sasa unataka kuifanya kweli 😂😂

Dereva_Tope
Mimi pia niko kwa hiyo laini, mwaka wa 9 sasa. Kabla ya kemikali wacha nikuambie kitu juu naona umeandika kama mtu hajawahi simama karibu na shimo. Ile gesi ya yai bovu, hiyo ndio inauwa watu wetu. Ikiwa kidogo unainusa vizuri, ikizidi pua inakufa, husikii kitu, unafikiri imeisha. Ukiona harufu imepotea ghafla usifurahi, toka. Kuna kijana tulikuwa naye aliingia kwa shimo la ploti moja kutoa nguo iliyoziba paipu, hakufika hata chini, na wa pili akaingia kumsaidia na yeye akazimia. Wa pili tulimtoa. Sasa wewe unataka kuchukua lori mzima umwage kwa tangi imefungwa, halafu umwagie asidi? Asidi ikikutana na tope ile gesi inatoka mara moja. Chunga sana.

Na ingine, usichanganye. Tope ya ekzosta inatoka kwa mashimo ya watu, ni choo na maji na nepi na kila kitu. Tope ya Kariobangi ama ya mabwawa ya Ruai ni tofauti, hiyo imepitia kwa mtaro wa jiji, na mtaro unapitia Industrial Area. Haya ni mambo mawili.

Kemia_Kidogo
Ndugu wa sabuni, swali lako ni zuri na hakuna mtu wa kukucheka (Karis nyamaza). Nimesomea hii maneno miaka minne na nikafanya kazi labu ya maji kidogo, kwa hivyo wacha nikupigie hesabu badala ya kukupa matumaini.

Adui yako hapo ni maji. Harufu ni kitu kidogo. Tope ikitoka kwa tangi ni maji asilimia 95 mpaka 99. Sasa asidi. Ukiacha tope ichache bila hewa kuna bakteria wa kwanza wanaovunja vitu wanatoa asidi, ya siki na zingine mbili tatu hapo, moja inanuka kama matapishi kabisa. Halafu kuna wa pili wanaokula hizo asidi wanatoa gesi ya kupikia, wale wa bayogesi. Wa pili wanakua polepole, kwa hivyo ukitoa mzigo mapema, siku 3 ama 4, unabaki na asidi kabla hawajaila. Hiyo sehemu ni rahisi, hata mtu wa busaa angeielewa.

Shida inaanza hapo. Ukibahatika unapata kama gramu 10 za asidi kwa lita. Siki ya dukani ni mara tano ya hiyo. Lori yako ya lita 10,000 ina kilo 100 ya asidi mchanganyiko na karibu tani 9.9 ya maji. Utawatenganisha vipi? Ukisema uchemshe kama chang'aa, kumbuka pombe inachemka kabla ya maji ndio maana chang'aa inawezekana. Asidi ya siki inachemka nyuzi 118, maji 100. Yanayotoka kwanza ni maji, na unahitaji kuyatoa yote. Nimepiga hesabu ya gesi: kutoa hayo maji kwa mvuke ni zaidi ya mitungi 40 ya kilo 13, na hapo nimefanya kama hakuna moto hata kidogo unaopotea. Mitungi 40 upate kilo 100 ya asidi chafu yenye kunuka. Siki ya kiwanda inakuja kwa dramu safi na bado inakushinda bei.

Hiyo ya Rotorua ni njia ingine, wanapeleka tope kwa nyuzi 200 na kitu na hewa ya oksijeni, kila kitu kinaungua ndani ya maji na asidi ya siki ndio inabaki kwa sababu ni ngumu kuungua. Lakini maji kwa nyuzi 250 peke yake yanasukuma kwa presha ya karibu baa 40. Tairi ya gari ni baa 2 na kitu. Kwa futi 40 kwa 60 huko Kamulu, hapana. Jirani ataamka kwa mbingu.

Sabuni_Kayole
Maze mitungi 40. Sawa hiyo imekufa. Lakini sasa hawa wazungu wanafanya aje? Ama ni kuongea tu?

Kemia_Kidogo
Wanafanya, lakini hawaitoi kwa maji. Hiyo ndio siri. Ile supu ya asidi wanaipeleka tu tangi ya pili hapo hapo kwa mtambo, inaliwa na bakteria wanaotoa naitrojeni kwa maji, kwa hivyo mtambo haununui methanoli ya kuwalisha. Ama wanalisha bakteria wengine wanaoweka akiba ya plastiki ndani ya mwili, kama vile ng'ombe anaweka mafuta, halafu wanavuna bakteria. Plastiki haiyeyuki kwa maji so unaweza kuichuja. Umeona tofauti? Kitu chochote kinachogeuka kigumu ama kinaelea juu kinaweza kukulipa, kilichoyeyuka kinakufilisi.

Gundi ya Uholanzi ni hivo hivo. Walianza Zutphen 2019. Wanaitoa kwa tope ya aina yake, bakteria wamejikunja wakawa punje kama mtama, na hiyo gundi ndio inawashika pamoja. Mabwawa yetu ya Ruai hayana hizo punje, kule jua na mwani ndio wanafanya kazi, kwa hivyo hiyo gundi sahau.

Fundi_Mabomba_Umoja
Naona mmeongea yote mkasahau mawe. Mimi nimefungua mikojo ya baa miaka 20, pale paipu ya mkojo ya wanaume inaziba na jiwe jeupe kijivu gumu, unapiga na nyundo linatoka kama ganda la yai nene. Hilo jiwe ni nini kama si kemikali? Na halijatengenezwa na mtu, limejitengeneza.

Kemia_Kidogo
Mzee umetupa jibu bila kujua, ama umejua, sijui. Sehemu kubwa ya hilo jiwe ni struvaiti, ni magnesiamu na amonia na fosfeti zimeshikana. Hata hao wa Chicago na Kanada walianza hivo, paipu za mtambo zilikuwa zinaziba na hayo mawe wakachoka kuyapiga nyundo, wakaamua wacha yajengeke mahali tunataka. Wanaongeza magnesiamu kwa maji ya tope, jiwe linaanguka chini, wanauza kama mbolea. Mtambo wa Stickney pale Chicago uliwekewa hiyo 2016.

Halafu hii si mambo ya jana. Fosforasi yenyewe iligunduliwa kwa mkojo. Mjerumani wa Hamburg, Hennig Brand, 1669, alichemsha mkojo ndoo kwa ndoo akitafuta dhahabu, akapata kitu kinang'aa gizani. Dhahabu hakuona.

Karis254
Kwa hivyo bwana sabuni hauko peke yako, kuna mwingine alianza kitambo. Bibi yake alisema aje??

Bi_Gongoni
Hamjambo nyote. Mie ni mtu wa Gongoni kule Magarini, sasa nakaa South B, na nimesoma hapa nikacheka peke yangu. Hiyo magnesiamu mnayoitafuta sisi tumekua tukiiona inamwagwa. Kwetu kuna mashamba ya chumvi, maji ya bahari yanaanikwa juani kwenye viwanja, chumvi ikishakaa chini yanabaki maji mazito machungu sana, ukiyaonja ulimi unakunjika. Hayo ndiyo yenye magnesiamu, chumvi ya mezani ishatoka ndani yake. Maji ya bahari ya kawaida yana kama gramu 1.3 kwa lita, haya yamekolea mara nyingi zaidi. Kijana wa sabuni, kabla hujanunua magnesiamu ya duka uliza watu wa chumvi, ingawa sasa nauli ya kuyaleta mpaka Nairobi ndiyo itakayokumaliza, hapo sikudanganyi.

Kemia_Kidogo
Asante Bi, shikamoo. Ni kweli kabisa. Kwa kujaribu kidogo tu anaweza kutumia chumvi ya Epsom, hiyo ni magnesiamu salfeti, agroveti wanauza ya mashamba. Chukua mkojo uliokaa, si wa leo, ukae wiki ukiwa umefunikwa mpaka unuke amonia vizuri. Mtungi wa lita 20 unataka gramu 60-70 ya Epsom. Koroga dakika 10, acha utulie, chuja na kitambaa, anika kwa kivuli. Usianike kwa moto, kwa sababu ukizidi nyuzi 50 na kitu amonia inapaa unabaki na kitu tofauti.

Lakini sasa hesabu tena, pole. Lita 1,000 ya mkojo inakupa kama kilo 2. Kilo mbili! Mfuko wa mbolea ya ruzuku kilo 50 ulishuka mpaka 2,500 mwaka 2023, yaani kilo ni 50 bob. Lita elfu moja ya mkojo, umebeba, umechuja, umeanika, umenuka, shilingi 100. Jiji likifanya inalipa kwa sababu paipu haziziba na mto hauoti magugu. Wewe peke yako hapana.

Mkulima_Njiru
Mimi nauliza tu, hii ya kutumia tope moja kwa moja shambani je? Kuna watu huku wananunua ile imekauka, inaletwa na pikapu, wanaweka kwa sukuma na nepia, ile nyasi ya ng'ombe. Inafanya mboga ziwe nyeusi kabisa kwa afya.

Kemia_Kidogo
Mboga itapendeza ndio, fosforasi na naitrojeni ziko. Tatizo ni kile kingine kiko na hukioni. Dereva alisema hapo juu, mtaro wa jiji unapita Industrial Area, kuna rangi, kuna ngozi, kuna betri, kuna chrome na risasi na kadimiamu. Bakteria hawawezi kula chuma. Kila kitu kingine kikipungua kwa kukauka metali inabaki na inakolea. Ulaya tangu 1986 wamesema tope ya kuweka shambani isizidi miligramu 20 mpaka 40 ya kadimiamu kwa kilo kavu, na Uswisi walikataa kabisa tope shambani. Hiyo ya pikapu imepimwa na nani? Na mayai ya minyoo pia, hayo ni magumu, yanataka moto ama muda mrefu sana. Nepia ya ng'ombe labda, sukuma wiki hapana. Mimi singekula.

Mkulima_Njiru
Eish. Mimi nauzia watu wa Gikomba hiyo sukuma.

Dereva_Tope
😶

Mama_Nzi
Nimekuja nimechelewa lakini nashangaa hakuna mtu amesema nzi. Mwenye swali ni mtu wa SABUNI. Hapa hapa Nairobi kuna wale wa vyoo vya Fresh Life huko Mukuru, tangu 2011 hivi, wanakusanya choo kikavu kwa ndoo, na wanalisha funza wa nzi askari mweusi. Sio nzi wa nyumbani, huyu ni mrefu mweusi kama nyigu na akiwa mkubwa hali, kazi yake ni kutaga tu. Funza anakula anajijaza mafuta na protini. Protini inaenda kwa kuku na samaki, mabaki inakuwa mbolea. Sasa yale mafuta ndio ya kwako wewe. Zaidi ya theluthi yake ni asidi ya lauriki, ile ile iko kwa mafuta ya nazi na ndio inafanya sabuni itoe povu. Mafuta ya ng'ombe hayana hiyo, ndio maana sabuni ya mafuta ya ng'ombe ni ngumu lakini povu ni ya huruma.

Ona vile inaendana na ile maneno ya maji ya Kemia. Funza amekufanyia kazi ya kuchuja. Ameacha maji, amechukua mafuta ameweka ndani ya ngozi yake. Wewe unamkausha unamkamua kama alizeti. Mimi nafuga kidogo lakini kwa mabaki ya soko na makapi ya pombe, si choo, juu choo unahitaji makaratasi mengi ya serikali.

Sabuni_Kayole
SASA! Hii ndio nilikuwa natafuta. Mama Nzi nisaidie, mafuta yake yanataka kostiki ngapi? Mimi kwa mafuta ya ng'ombe naweka gramu 140 kwa kilo.

Mama_Nzi
Itazidi hapo. Nazi ni 183 hivi, ya funza inakaa katikati, lakini inategemea amekula nini so usichukue namba yangu, anza na kidogo upime na karatasi ya pH. Afadhali mafuta yabaki kuliko kostiki ibaki, utachoma wateja mikono.

Wakili_wa_Mtaa
Kidogo tu juu mmesahau serikali. Ukibeba choo unahitaji leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA, wale wa mazingira wa serikali, ukiifanyia kazi kwa ploti ni leseni ingine na ripoti ya mazingira kabla hujachimba hata shimo. Kuna sheria ya taka ya 2022 pia, hiyo kwa kweli inapenda watu wa kurejeleza, lakini kupenda si kukuachilia. Binamu akikumwagia lori moja Kamulu usiku mnashtakiwa nyote wawili, yeye na wewe. Kununua mafuta ya funza kutoka kwa mtu aliye na leseni, hapo wewe ni mteja tu.

Sabuni_Kayole
Wasee nimerudi, ni kama wiki tatu zimepita. Kwanza nilijaribu ya mzee fundi na Kemia kwa sababu kichwa ilikataa kutulia. Lita 20 kutoka kwa baa ya rafiki, nikakaa nayo siku 8, Epsom gramu 70. Ukweli ni kwamba inaanguka chini mbele ya macho yako, kama maziwa yamekatika. Nimepata vijiko vitatu hivi vya unga mweupe. Mama watoto alikuja akauliza hicho kitambaa cha kuchuja nimetoa wapi. Kilikuwa cha kuchuja maziwa. Tumenunua kingine na ndoo pia, sasa hiyo mbolea ndio ghali kuliko zote Nairobi. Nimeweka kwa managu, managu iko sawa.

Ya pili, Mama Nzi ameniuzia lita 2 ya mafuta. Nimefanya kilo moja nusu na nusu na ya ng'ombe. Povu ni mingi kushinda ile nauza! Imeshika vizuri, haichomi. Shida ni moja, inanuka kitu kama omena iliyokaangwa juzi. Nimeweka manukato ya limau sasa inanuka omena na limau. Binamu anasema ataiuza hivo hivo kwa madereva wa ekzosta, ati wao hawatajua. Kuna njia?

Dereva_Tope
Tutajua.

Mama_Nzi
Osha mafuta kabla ya kuweka kostiki. Chemsha na maji ya chumvi, nusu kwa nusu, moto mdogo saa nzima, acha ipoe kabisa mpaka mafuta yagande juu, toa hiyo keki, kwangua ile ya chini yenye uchafu, rudia mara mbili ama tatu mpaka maji yatoke safi. Na funza wangekuwa wamekaa bila chakula siku mbili kabla ya kukaushwa, hiyo ni kosa yangu, bechi hiyo nilikuwa na haraka. Ijayo nitakupa iliyo sawa, lita 5, lakini leta mtungi wako, ule wa mwisho haujarudi.